Kokwa Tano za Mwaloni

Chumba changu cha Seoul kilinibana kama kiatu cha kuazima:
kitanda, meza, na kompyuta iliyokula nusu ya meza.
Ukuta ulikuwa ubao mwembamba. Jirani akimeza mate
nilijua amemeza.
Mlangoni mwenye nyumba alibandika karatasi:
HAPA HAKUNA MUZIKI. HATA WA TARATIBU.

Mwaka ule kila mtu alikuwa na ukurasa wake,
sebule ya kuchorwa, upana wa kiganja,
na kikaragosi chako kimesimama katikati kinangoja wageni.
Fedha ya huko ilikuwa kokwa za mwaloni.
Si za msituni. Unazinunua kwa simu, zinaingia kimyakimya.
Kokwa tano, wimbo mmoja.
Kokwa tano, nusu ya chakula changu cha Jumanne usiku.

Nilionja nyimbo kwa sikio moja,
maana kisikizi cha kulia kilikufa tangu Machi.
Nikazipita zenye kulialia, nikazipita zenye majigambo,
nikachukua ya kinanda, isiyo na neno hata moja,
mkono wa kushoto ukirudia noti tatu zilezile
kama mtu anayepangusa meza iliyokwisha takata.
Nikabonyeza. Nikachomoa visikizi.
Ukurasa wangu ukaanza kuimba, nami sisikii kitu.

Baba, Tak Byeong-ho, dereva wa teksi mjini Jecheon,
kwa miaka kumi na tisa alikuwa na neno moja kwangu: Punguza.
Akitoka zamu ya usiku, hata kabla hajavua viatu: Punguza.
Siku niliyopanda treni
alinibebea begi hadi jukwaani, asiseme lolote.
Nikawaza: leo hakuna cha kupunguza,
napunguka mwenyewe.

Kidude cha kuhesabu wageni hakidanganyi.
Kila alfajiri, saa kumi kasoro robo, mmoja.
Haachi salamu. Anaingia, anakaa, anatoka.
Seol-ah wa darasani akaapa kwamba ni yule kijana wa maktaba.
Nikamcheka, kisha usiku
nikakinunulia kikaragosi changu nywele mpya.

Novemba kinanda kikanichosha.
Nikaweka wimbo wa ngoma, wa kupiga makofi.
Siku ya tatu simu ikaita. Baba.
Baba hapigi simu; mama ndiye hupiga, baba hukohoa nyuma yake.
"Umebadilisha," akasema.
"Nimebadilisha nini?"
"Kile kinanda."

Nikasikia injini ya teksi, na taa ya kukata kona ikigonga
ta, ta, ta, ingawa gari halikuwa linakwenda popote.
Pana duka la kompyuta karibu na stesheni, akasema, halifungwi.
Kijana wa pale alimwandikia anwani yangu kwenye risiti.
Analipia nusu saa, anakunywa kahawa ya kopo,
anavaa visikizi vinavyonuka jasho la wacheza gemu.
"Sisomi," akasema. "Mambo yako na wenzako siyasomi.
Nasikiliza tu, halafu naenda kulala."

Ningemwambia kwamba wimbo ule
sijawahi kuusikia hadi mwisho.
Nikasema, "Umekula?"
Akasema amekula.

Kurudisha kinanda hakukunigharimu kokwa hata moja;
ukishanunua umenunua.
Saa kumi kasoro robo simu ikatetemeka chini ya mto.
Hakuna sauti ya mtu. Alikuwa ameibana simu
kwenye sikio la visikizi vya wenyewe, huko, kilomita mia na zaidi,
na zile noti tatu zikaja nyembamba, zina mchanga,
moja, nyingine, nyingine,
kisha mkono wa kulia, ambao nilikuwa nimeusahau,
ukapanda mahali kionjo hakikufika.

Jirani akagonga ukuta.
Nikamwomba radhi kwa kunong'ona,
simu ikiwa bado sikioni.